Kukanusha kwa Kifaransa: tafuta kwanza kitenzi kilichobeba nafsi

Wanaoanza Kifaransa huogopa sana sentensi kanushi, na mimi kama mwalimu wao naona hofu hiyo haina msingi. Anayezungumza Kiswahili ana faida hapa. "Anasoma" ikigeuka "hasomi", kitenzi kimeguswa mbele na nyuma: mwanzoni imeingia ha-, mwishoni -a imekuwa -i. Kifaransa nacho hukibana kitenzi pande zote mbili, ila kwa maneno yanayojitegemea: ne mbele, pas nyuma. Il lit, anasoma. Il ne lit pas, hasomi. Kitenzi kikianza kwa irabu au h bubu, ne inakuwa n': je n'aime pas (sipendi), il n'habite pas ici (haishi hapa).

Kabla hujaweka chochote, jiulize: ni kitenzi kipi kilichobadilika kufuata nafsi? Hicho ndicho cha kubana. Katika j'ai mangé (nimekula) ni ai, kwa hiyo je n'ai pas mangé. Katika je vais partir (nitaondoka) ni vais, kwa hiyo je ne vais pas partir. Wengi huisukuma pas hadi mwisho wa sentensi, na hapo ndipo mambo huharibika. Viwakilishi kama le na la vyenyewe hukaa ndani, kati ya ne na kitenzi: je ne le connais pas, simjui.

Sasa tuje kwenye jambo linalohitaji subira. Baada ya ukanushaji, un, une, des, du na de la, vineno vinavyotangulia nomino isiyo mahususi, hugeuka de: j'ai un livre (nina kitabu), lakini je n'ai pas de livre; j'ai de l'argent (nina pesa), lakini je n'ai pas d'argent. Usikariri tu, elewa sababu. De hapa inasema kwamba kiasi ni sufuri, kitu hakipo kabisa. Ndiyo maana kitenzi être (kuwa) hakifuati kanuni hii: ce n'est pas un livre (hiki si kitabu). Kitu kipo mbele yetu, tunachokataa ni kwamba ni kitabu. Le, la na les zinapotangulia nomino nazo hazibadiliki. Je n'aime pas le café inazungumzia kahawa kwa jumla, si kiasi chake.

Jamais (kamwe), plus (tena), rien (chochote) na personne (yeyote) huchukua nafasi ya pas, hazikai pamoja nayo. Kwa kuwa tumezoea "simwoni mtu yeyote", tunavutika kusema je ne vois pas personne. Sahihi ni je ne vois personne. Angalia pia wakati uliopita, maana hizi mbili za mwisho hazikai mahali pamoja: je n'ai rien vu (sikuona chochote), lakini je n'ai vu personne (sikumwona yeyote).

Katika mazungumzo utasikia je sais pas (sijui), ne imemezwa. Izoee masikioni, lakini unapoandika iweke.

Kuna na majibu. Ukiulizwa "Hujala?" kwa Kiswahili, unaweza kujibu "Ndiyo, sijala", ukikubaliana na muulizaji. Kwa Kifaransa, ukiulizwa Tu n'as pas mangé ? na kweli hujala, jibu ni Non, je n'ai pas mangé. Kama umekula, usiseme oui (ndiyo). Sema Si, j'ai mangé.