Nyongeza ya Sokoni na Pointi za Dukani: Kupima Bei ya Kadi ya Mteja

Mtu anayenunua viazi kwa sado pale Uyole, Mbeya, huongezewa viazi viwili au vitatu juu ya kipimo, na hiyo ndiyo nyongeza. Muuzaji haandiki jina la mteja, hamuulizi alizaliwa lini wala anakaa kata gani. Anachotaka ni kwamba kesho arudi kwake badala ya kwenda meza ya jirani. Kadi za pointi zinazotolewa na maduka makubwa, maduka ya dawa na vituo vya mafuta zina nia ileile ya kumrudisha mteja, lakini zinadai kitu ambacho nyongeza ya sokoni haijawahi kudai. Katika mafunzo tunayoyatoa kwa wananchi wa Mbeya na Iringa, swali linalojirudia ni kama mtu aichukue kadi hiyo au aikatae. Jibu langu ni kwamba apige hesabu kwanza, akikumbuka kuwa hesabu hiyo ina pande mbili na kwamba upande mmoja tu ndio unaoandikwa kwenye tangazo.

Tuanze na upande wa fedha, kwa sababu haustahili kudharauliwa. Tuchukue mfano wa familia inayotumia shilingi 200,000 kwa mwezi katika duka linalotoa shilingi moja ya pointi kwa kila shilingi 100. Familia hiyo itapata shilingi 2,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 24,000 kwa mwaka. Kwa mzazi mwenye watoto shuleni, hayo ni madaftari na kalamu za muhula mzima. Hata hivyo, pointi huwa na masharti: huenda zikaisha muda kabla hazijatumika, au zikaanza kutumika tu zinapofikia kiwango fulani, na mtu akajikuta ananunua bidhaa ya shilingi 10,000 asiyoihitaji ili akomboe pointi za shilingi 500. Familia ya namna hiyo imepoteza shilingi 9,500 huku ikiamini imepata zawadi.

Zipo pia nchi ambako kadi huleta nafuu ya kweli. Mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza ilichunguza bei za bidhaa zipatazo 50,000 zilizokuwa na punguzo la wenye kadi, na mwezi Novemba 2024 ikaeleza kuwa karibu zote zilikuwa na punguzo halisi, kwa wastani wa asilimia 17 hadi 25 katika maduka matano makubwa iliyoyapima. Nalitaja hili ili msomaji asidhani ninamwambia kwamba kila kadi ni utapeli. Lakini punguzo likiwa kubwa kiasi hicho, asiye na kadi hulipa zaidi kwa mkate uleule, na kukataa kutoa taarifa zako kunakuwa na gharama. Ridhaa inayotolewa chini ya shinikizo la bei ni ridhaa dhaifu.

Upande wa pili wa hesabu hauna risiti. Duka la Tesco la Uingereza lilipokuwa linajaribu kadi yake, kabla ya kuieneza nchi nzima mwaka 1995, liliajiri wachambuzi wa takwimu wapitie manunuzi ya wateja. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Ian MacLaurin, anakumbukwa kwa kukiri kwamba wachambuzi hao walikuwa wamewafahamu wateja wake kwa miezi mitatu kuliko alivyowafahamu yeye kwa miaka 30. Hapo ndipo kadi inapotengana na daftari la mkopo la duka la mtaani. Mwenye duka wa Kihesa au Mwanjelwa naye anajua kwamba mwezi huu umekopa sukari na sabuni, na pengine anajua kwamba mumeo hajarudi safari. Ila nawe unamjua yeye, unajua anachokijua kukuhusu, na akivujisha siri utamfuata umwambie. Duka lenye mfumo wa kadi hukujua wewe, nawe hulijui. Kumbukumbu zako huenda zinatunzwa na kampuni nyingine, katika nchi nyingine, na mchambuzi wake hamtakutana barabarani.

Manunuzi yakikusanywa kwa miezi kadhaa husema mambo ambayo mnunuzi hakuyasema. Mwaka 2012 gazeti la New York Times lilieleza jinsi kampuni ya maduka ya Target ya Marekani ilivyotumia bidhaa zipatazo 25, zikiwemo losheni zisizo na manukato na vidonge vya madini kama zinki, kukisia ni mteja yupi mjamzito. Mwanamke hakuhitaji kujaza fomu akiandika kwamba ana mimba. Kwa njia hiyohiyo, anayeacha kununua nyama na pombe kwa siku 40 ameeleza imani yake, na anayehama kutoka sukari kwenda vitamu vya wagonjwa wa kisukari ameeleza afya yake. Kuhusu afya, sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya kuwa waangalifu kuliko wengine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 uliikuta mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ikiongoza kwa kiwango cha maambukizi ya VVU, na wengi wetu tumeshuhudia ndoa ikivunjika au mtu akikimbiwa na ndugu kwa sababu ya siri ya kliniki iliyofika mtaani. Kwa hiyo kadi ya duka la dawa naiweka katika daraja lake peke yake: pointi za dawa sizioni kuwa na thamani inayolingana na kumbukumbu inayoachwa nyuma.

Maduka hujibu kwamba majina huondolewa kabla ya takwimu kupewa mtu mwingine. Jibu hilo halitoshi. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti uliochunguza kumbukumbu za kadi za benki za watu milioni 1.1 kwa miezi mitatu, bila majina. Kujua tarehe na mahali pa manunuzi manne tu kulitosha kumtenganisha mtu na wenzake kwa asilimia 90 ya watu hao. Kabla ya hapo, mwaka 2000, mtafiti Latanya Sweeney alikadiria kuwa asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta pekee. Ukiitazama fomu ya kadi, utakuta mambo hayo hayo matatu: tarehe ya kuzaliwa, eti upate zawadi siku yako; jinsia; na kata unayokaa. Katika mji mdogo kama Makambako au Mafinga, ambako watu waliozaliwa siku moja katika kata moja wanahesabika kwa vidole, kujificha ndani ya kundi ni kugumu zaidi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mwananchi nguvu ambazo wengi hawajaanza kuzitumia. Anayekusanya taarifa anapaswa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akueleze madhumuni ya kuzikusanya, na asizitumie kwa jambo jingine. Unaweza kudai kuona alichonacho kukuhusu, kudai kirekebishwe, na kumtaka aache kutumia taarifa zako kukutangazia biashara. Miamala ya fedha ya mtu nayo imewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Ukipuuzwa, malalamiko hupelekwa Tume.

Unapoamua kuichukua kadi, toa kidogo. Jina na namba ya simu vinatosha kuhesabia pointi, na ni vyema namba hiyo isiwe ile inayotunza fedha zako, kwa kuwa tapeli anayejua jina lako na duka unalonunua huaminika upesi kuliko yule anayetuma tu ujumbe wa “ile hela itume kwa namba hii”. Namba ya kitambulisho cha taifa usiitoe kwa ajili ya pointi kwa hali yoyote: kati ya tarakimu zake 20, nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, na kosa la kuivujisha halirekebishiki kwa kubadilisha laini. Uliza pia kumbukumbu zitaenda wapi duka likifungwa. Kampuni ya RadioShack ya Marekani ilipofilisika mwaka 2015, orodha ya wateja wake ilikuwa miongoni mwa mali zilizotaka kuuzwa, mpaka wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa wakapinga. Zaidi ya hayo, si lazima kila ununuzi upitie kwenye kadi. Unga, mafuta na sabuni vipitishe. Dawa, vipimo vya ujauzito na vinavyohusu mwili wako lipia fedha taslimu, chukua risiti yako ya mashine ya kodi (EFD), na kadi ibaki mfukoni.

Wenye maduka wa Mwanjelwa, Miyomboni na Njombe mjini wanaotaka kuanzisha mpango wao wenyewe nawaomba waanze na kadi ya karatasi inayogongwa muhuri: mteja akinunua mara tisa, ya kumi ni bure. Mteja hurudi, hakuna jina linaloandikwa, na hakuna kumbukumbu ya kuilinda usiku. Wale walioshaandika majina na namba za simu za wateja kwenye daftari wajue kwamba sheria inahusu taarifa zilizorekodiwa kwa namna yoyote, hivyo daftari hilo lisiachwe wazi juu ya kaunta ambapo anayefuata kwenye foleni anaweza kulisoma.