Bunduki Fupi ya .303: Yanayosemwa Ziwani na Yaliyo Kweli

Katika mazungumzo ya wawindaji wa Mwanza, kuanzia Ilemela hadi Magu, bunduki fupi ya Kiingereza ya .303 (kipimo cha tundu la mtutu kwa inchi) ina sifa kubwa kuliko umbo lake. Rasmi inaitwa Lee-Enfield No. 5. Iliundwa Uingereza kati ya mwaka 1944 na 1947 kwa ajili ya askari wa misituni, kisha baada ya vita kwisha, nyingi zikauzwa kwa raia na kuwa bunduki za kuwindia. Lile jina la "kabini ya msituni" (kwa Kiingereza "Jungle Carbine", yaani bunduki fupi ya msituni) ambalo watu hulitamka kana kwamba limegongwa kwenye chuma chake halikuwa la jeshi, bali lilienezwa baadaye na wauzaji.

Sifa ya kwanza inayotolewa ni kwamba bunduki inayompiga mwenyewe begani kwa ukali namna ile lazima impige mnyama kwa ukali zaidi. Hapa ukweli umegeuzwa juu chini. Bunduki ndefu ya No. 4, inayotumia risasi ileile, ina uzito wa takribani kilo 4.1 na mtutu wa karibu sentimita 64, wakati hii fupi ina uzito wa takribani kilo 3.2 na mtutu wa karibu sentimita 48. Risasi inapotoka, bunduki husukumwa kurudi nyuma, na kadiri bunduki ilivyo nyepesi ndivyo inavyorudi kwa kasi zaidi. Kwa tofauti hiyo ya uzito peke yake, nishati inayofika begani huongezeka kwa zaidi kidogo ya robo. Wakati huohuo baruti haipati nafasi ya kutosha kusukuma risasi ndani ya mtutu mfupi, kwa hiyo risasi hutoka ikiwa na kasi ndogo kuliko ile ya bunduki ndefu. Mpigaji anaumia zaidi na mnyama anapigwa kwa nguvu iliyopungua. Kwa swala biashara hiyo bado ina faida. Kwa kiboko anayeharibu mashamba ya mpunga, au kwa nyati, ni kujitafutia balaa, kwa kuwa wawindaji wa Afrika Mashariki wamezoea tangu zamani kuihesabu .375 H&H Magnum, aina ya risasi kubwa iliyoanza mwaka 1912, kuwa ndiyo ndogo kabisa ya kumwendea mnyama wa namna hiyo.

Wapo wanaojibu kwamba mpira ulio mwishoni mwa kitako unapunguza maumivu, na kwamba ile koni ya chuma kwenye mdomo wa mtutu inavuta bunduki mbele. Mpira huo ni mwembamba kuliko kitako chenyewe, hivyo unakusanya msukumo wote kwenye eneo dogo la bega. Isitoshe, mpira wa miaka themanini umekauka na kuwa mgumu kama kisigino cha kiatu. Nayo koni kazi yake ni kuficha mmweko wa moto usimpofushe mpigaji gizani wala kumfichua kwa adui. Haipunguzi msukumo hata kidogo.

Kuhusu madai kwamba bunduki hizi hupoteza shabaha zenyewe, leo zinapiga hapa na kesho pale, ni kweli kwamba jeshi la Uingereza lililalamika hivyo, lakini wamiliki wengi waliozijaribu kwa makini tangu wakati huo hawakuiona hitilafu hiyo. Ninavyoamini mimi, mara nyingi anayehama ni mpigaji, ambaye baada ya risasi tatu bega lake limeshajifunza kuogopa, akawa anafumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Mbao za kitako zilizolegea au zilizovimba kwa unyevu humalizia yaliyobaki.

Dhana inayonitia hofu kuliko zote ni ile inayosema kwamba ziwani ndiko mahali salama pa kujaribia bunduki, kwa sababu maji hayana mtu na yanameza risasi. Nusu yake ni kweli, na ndiyo maana inadumu. Risasi iendayo kasi ikiingia majini kwa kutoka juu kabisa huishiwa nguvu ndani ya mita chache. Lakini anayesimama ufukweni hapigi kutoka juu. Anapiga karibu sambamba na uso wa maji, na kwa pembe hiyo ndogo risasi huruka kama kijiwe bapa ambacho watoto hukirusha ziwani wakihesabu mara kinavyoruka. Ikisharuka, inapinda mwelekeo, inayumba, na inaendelea mbali mahali ambapo hakuna aliyeikusudia. Risasi ya .303 inaweza kusafiri takribani kilomita tatu, na juu ya maji jicho la mwanadamu hukadiria umbali vibaya. Usiku wa giza la mwezi, pale mbele panapoonekana patupu ndipo wavuvi wa dagaa walipo na taa zao, na mchana kuna mitumbwi isiyoonekana vizuri kwa sababu ya mng'ao wa jua. Kugeukia nchi kavu nako si dawa ukielekeza mtutu kwenye mawe yetu haya makubwa ya Mwanza, kwa kuwa jiwe gumu hurudisha risasi au vipande vyake. Kinachofaa ni kilima cha udongo mtupu, kirefu kuliko mtu, ambacho umekwenda mwenyewe kutazama nyuma yake kabla ya kupiga.

Kuna pia imani kwamba mafuta mengi ndiyo usafi wa bunduki. Risasi nyingi za zamani za kijeshi zilikuwa na fataki (kiwashio cha baruti) zenye klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewani, na hewa ya kando ya ziwa hili haina upungufu wa unyevu. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu, nayo kutu huendelea kula chini yake. Wazee waliotumia bunduki hizi jeshini walimimina maji ya moto ndani ya mtutu, wakaukausha kabisa kwa kitambaa, na ndipo wakapaka mafuta.

Mwishoni kuna suala la karatasi. Wengine hudhani kwamba leseni ya kumiliki silaha ni ruhusa ya kuwinda. Leseni ya silaha iko chini ya polisi na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ilhali uwindaji unahitaji kibali chake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na ndani ya hifadhi za taifa kama Saanane na Rubondo hakuna uwindaji kabisa. Vilevile leseni ni ya mtu aliyeandikwa, hairithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Baba akifariki na bunduki ikabaki nyuma ya kabati, mtoto anayeiweka kimya kwa heshima ya marehemu ana silaha isiyo na kibali, hata kama baba aliimiliki kihalali kwa miaka arobaini. Ipelekwe kituoni mapema, ikiwa haina risasi na ikiwa pamoja na leseni ya marehemu, kisha anayeitaka aombe leseni kwa jina lake.