Mwigizaji wa Ujerumani asipoonekana kwenye muvi, kafulia?

Wengi tunaamini kwamba mwigizaji wa Kijerumani akishaanza muvi basi jukwaa kaliaga, na ukiona miaka 3 hana filamu ujue kafulia. Inaeleweka, maana sisi tunaona skrini tu, igizo la jukwaani la Hamburg nani atatuletea.

Ila kule miji mingi ina ukumbi wake wa maigizo unaogharamiwa na serikali, na ukumbi unaajiri waigizaji wake kabisa kwa mkataba, msimu unaanza kama Septemba mpaka Juni au Julai hivi, leo igizo hili kesho lingine, kwa hiyo mtu anaweza kuwa bize kila wiki na wewe humuoni popote. Muvi anaichomeka akipewa ruhusa au msimu ukifungwa. Hata Berlin ya miaka ya 1920, enzi za filamu bubu, kuna waliokuwa studio mchana na jukwaani usiku, kulala walilala saa ngapi jamani.

Ukitaka kuhakiki usiishie kwenye listi ya filamu. Ingia tovuti ya ukumbi wenyewe, bonyeza palipoandikwa "Ensemble" uone majina ya walioajiriwa, halafu "Spielplan", hiyo ndo ratiba.