Fremu za moli: nani anatoka, nani anaingia, na kwa nini

Kazi yangu ni kupangisha fremu kwenye mamoli, kwa hiyo mtu akiniambia "lile duka limeuawa na intaneti" huwa nacheka kidogo, maana mara nyingi sababu iko kwenye mkataba wa pango ambao mteja haoni kamwe.

Iko hivi. Moli kubwa inajengwa kuzunguka maduka makubwa mawili matatu, yanakaa kwenye ncha, na yanalipa kodi ndogo sana ukilinganisha na nafasi yanayochukua, mengine hata jengo ni lao. Kazi yao ni kuvuta watu. Hela ya mwenye moli inatoka kwa wadogo wa katikati, wa viatu, simu, vipodozi, ambao watu wanapita mbele yao wakitoka ncha moja kwenda nyingine. Sasa hawa wadogo nao sio wajinga, wengi mkataba wao unasema kubwa likifunga wanapunguziwa kodi au wanaruhusiwa kusepa. Ndo maana likiondoka moja, baada ya muda unaona shata zinashuka upande uleule.

Ila sio kila bango jipya ni habari. Chukua moli ya Southdale, pale Edina, Minnesota, Marekani, ramani ya msanifu Victor Gruen, ilifunguliwa 1956. Duka lake kubwa la Dayton's likawa Marshall Field's 2001, halafu Macy's 2006, mlango uleule, wateja walewale, wakubwa tu huko juu wamebadilisha jina na kuuziana kampuni. (Dayton's haohao ndo walianzisha maduka ya bei nafuu ya Target 1962, yaani mshindani walimzaa wenyewe.) Lakini palipokuwa na duka lingine kubwa, JCPenney, ikaja jimu ya Life Time 2019, hapo ndo pamebadilika kweli, maana mtu wa jimu anakuja alfajiri maduka bado yamefungwa, anaoga, huyoo.

Fremu za chakula nazo ni ngumu kubadilika. Bomba la moshi mpaka paani, mtego wa kunasa mafuta ya jikoni kwenye maji machafu, mifereji sakafuni, muuza nguo hataki hata kuviona, mpishi mpya anavililia. Ukiingia duka la nguo ukakuta vigae vimelala kidogo kuelekea kitundu kilichozibwa, ujue hapo palikuwa jiko.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni wapangaji wa miezi miwili mitatu, wa msimu wa sikukuu, wanaolipa asilimia ya mauzo badala ya kodi kamili. Wakiwa wachache sawa, lakini wakishajaa korido nzima mwaka mzima, basi mwenye moli anaficha fremu tupu huku akisubiri mnunuzi wa jengo.