Sare isimtoe mtoto darasani

Hata pale ada ilipofutwa, sare hubaki mzigo wa mzazi. Shati, sketi au kaptura, sweta, soksi na viatu hudaiwa kwa mkupuo, tena katika wiki ileile ya kununua madaftari, na familia yenye watoto watatu hulazimika kuamua nani aanze na nani asubiri. Anayesubiri hukosa masomo, na kadiri anavyokawia ndivyo anavyozidi kuona aibu kurudi.

Madhara yake yamepimwa. Katika utafiti ulioanza mwaka 2003 magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa darasa la sita katika baadhi ya shule walipewa sare bure. Miaka mitatu baadaye, wasichana walioacha masomo walipungua kutoka takriban 19 hadi 16 katika kila 100, na waliopata mimba au kuzaa kutoka takriban 16 hadi 13. Mimi sishangai. Msichana ambaye shati lake limechanika kwapani hanyoshi mkono kujibu swali hata kama jibu analijua, na hukaa nyuma siku nzima akisubiri kengele ya mwisho.

Kabla ya kutafuta mfadhili, kamati ya shule ichunguze kanuni zake yenyewe, kwa kuwa mara nyingi ughali wa sare umetengenezwa hapo hapo shuleni. Shule inapodai sweta yenye michirizi ya pekee, au shati lenye nembo iliyodariziwa na kuuzwa na muuzaji mmoja, mzazi hana pa kupatana bei. Nembo ikiuzwa peke yake kama kiraka cha kushonea mfukoni, shati lolote jeupe linatosha, liwe jipya au la mtumba. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2021, na mwongozo uliofuata unazitaka shule zipunguze mavazi yenye nembo na kuhakikisha sare zilizokwishatumika zinapatikana kwa wazazi.

Misaada nayo ina kasoro zake. Sare hugawiwa katikati ya muhula, zikiwa zimeshonwa kwa kukisia vipimo, na watoto hupangwa mstari mbele ya wenzao ili wapigwe picha. Sioni sababu yoyote ya picha hizo. Ni heri mwalimu wa darasa aandae orodha kimyakimya, fundi achukue vipimo kabla ya shule kufungwa, na kitambaa kiwe kilekile wanachovaa wengine. Sketi iachiwe pindo pana la kuteremshwa mtoto anaporefuka. Fedha zikiwa chache, ningenunua mashati mawili na kuacha sweta, kwa maana mwenye shati moja hulifua kila jioni na msimu wa mvua hulivaa likiwa bado bichi. Wanaohitimu nao waombwe kuacha sare zao katika kabati la shule, zifuliwe, zitiwe vifungo na kupangwa kwa saizi.

Kumrudisha nyumbani mtoto asiye na sare ni kumwadhibu mtu asiye na uwezo wa kuinunua. Mwalimu mkuu amwite mzazi au mlezi, wakubaliane kipi kitangulie kununuliwa na kipi kisubiri muhula ujao, na makubaliano hayo yaandikwe ili mwalimu wa zamu asimzuie mtoto langoni.