Kizunguzungu kinachobaki baada ya dhiki kupita

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni aliingia kliniki kwetu mkono mmoja ukiwa ukutani. Hakuwa ameanguka, wala hajawahi kuanguka. "Mwanangu," aliniambia, "nahisi nimesimama juu ya godoro, na godoro lenyewe liko ndani ya mashua." Alimuuguza mamake miezi tisa, akimgeuza kitandani usiku na mchana, mpaka Mungu alipomchukua. Wakati wa kuuguza hakuona kisunzi hata siku moja. Kilimjia baada ya arobaini, jamaa walipokwisha kurudi kwao na nyumba ikanyamaza.

Vichochoro vya mji wa Lamu vilikuwa vimemsitiri. Mahali ambapo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, aliweza kwenda sokoni na kurudi bila mtu kugundua. Shida ilikuwa pwani kwenye gati: uwanja uko wazi, punda wanapita na mizigo, maji yanametameta, watu wanapanda na kushuka. Hapo miguu iligoma. Alikuwa na miezi minne hajavuka kwenda Mokowe, upande wa bara.

Watu wa aina yake wakifika kwetu, wengi wameshaambiwa mambo mawili. Kwanza, kwamba ni hasadi au jini. Dua na kisomo ni haki ya mtu, na nimeona vinavyowatuliza wengi. Ninachoomba ni kwamba visicheleweshe vipimo. La pili ndilo linaloniuma zaidi: "Huna ugonjwa, ni fikra tu." Si kweli. Anachokisikia mgonjwa ni cha kweli na kina maelezo yake.

Mwili husimama wima kwa ushahidi wa watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na misuli na viungo. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo iliyojipinda, imejaa maji, na kichwa kikigeuka maji yale huuarifu ubongo. Robert Bárány, aliyechunguza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Jumuiya ya wataalamu inayobeba jina lake ndiyo iliyotoa mwaka 2017 vigezo vya maradhi ninayoyaeleza hapa, ambayo kwa Kiingereza kifupi huitwa PPPD, yaani kizunguzungu cha kudumu: kuyumba au kuelea kwa kichwa, siku nyingi za mwezi, kwa miezi mitatu au zaidi, na hali kuzidi mtu akisimama, akisogea, au akitazama vitu vingi vinavyopitana.

Sasa fikiria ngazi za gati maji yakipwa, zimeota mwani. Unashuka vipi? Unakaza vifundo vya miguu, unakaza shingo, unafupisha hatua, na macho hayabanduki chini. Ni busara, maana pana utelezi. Dhiki ya muda mrefu huufanya ubongo utembee hivyo kila mahali, hata sakafuni penye mkeka. Huanza kuyategemea macho kupita kiasi na kupeleleza kila mtikisiko mdogo, ile mitikisiko ambayo sote tunayo bila kuisikia. Wengine huanza baada ya ugonjwa wa sikio, kipandauso, pigo la kichwa au shambulio la hofu. Hilo hupona, lakini ubongo haurudi kwenye mwendo wake wa zamani.

Kabla ya kujipa jina hili, pimwa. Upungufu wa damu, presha, sukari, ujauzito na baadhi ya dawa, zikiwemo za presha zenyewe, huleta kizunguzungu. Chumba kikizunguka kwa sekunde chache ukigeuka kitandani au ukienda sijda, huenda ni chembe za chokaa zilizohama mahali pake ndani ya sikio, na mara nyingi hurudishwa kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu, bila kidonge. Ama kizunguzungu cha ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma kusiko kwa kawaida, maumivu ya kifua, kuzimia au sikio kuziba ghafla, hicho hakingoji asubuhi. Ukiwa Faza au Kizingitini, tafuta boti saa ile ile.

Vipimo vikiwa safi, kosa kubwa ni kulala. Ubongo haujifunzi chochote kitandani. Yule mama tulianza naye kwa kidole gumba. Alikaa kitini, akanyoosha mkono, akakikazia macho kidole huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, polepole, kwa nusu dakika. Kizunguzungu kilipanda, na uso ukamkunjamana. Nikamwambia asubiri. Baada ya dakika chache kikashuka chenyewe, na hilo ndilo nililotaka alione. Zoezi linalofaa hukichokoza kisunzi kidogo, kisha kinatulia. Kikidumu saa nzima, umezidisha, punguza kesho. Alirudia mara tatu kwa siku. Wiki zilizofuata alisimama miguu pamoja karibu na ukuta bila kuugusa, halafu akatembea kichochoroni akigeuza kichwa kama anayeamkia watu wa barazani.

Pumzi nayo ina kazi. Mwenye wahka huhema juu juu na haraka, hewa chafu hutoka mwilini kupita kiasi, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinafa ganzi. Vuta kwa pua taratibu, toa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Lala kwa saa za kawaida. Miraa na muguka ziache kabisa wakati huu, maana zinaiba usingizi na kuukimbiza moyo, na kahawa tungu ya usiku ipunguze.

Vidonge vya kuzuia kizunguzungu, ambavyo watu hununua dukani mwezi baada ya mwezi, vinafaa kwa siku chache za mwanzo tu. Ukivizoea vinauchelewesha ubongo kujirekebisha. Zipo dawa za kundi la sertralini, zile zinazotumika pia kwa sonona na wasiwasi, ambazo daktari huanzisha kwa kipimo kidogo. Hazileti uraibu, ila zinataka wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na haziachwi ghafla. Mazungumzo na mshauri nasaha nayo husaidia, hasa kwa aliyeanza kuogopa kutoka nje. Kwenda kwake si dalili ya wazimu.

Familia, msimshike mkono kila hatua. Tembeeni kando yake.

Yule mama alikaa barazani forodhani asubuhi kadhaa, akiangalia ng'ambo ya Manda badala ya mawimbi ya karibu. Siku nyingine aliketi ndani ya boti iliyofungwa gatini, kwa robo saa, na nahodha akamvumilia. Mwezi wa tatu alivuka Mokowe na binti yake. Aliniambia ardhi ilimtikisa kidogo aliposhuka. Nikamuuliza kuhusu binti yake. "Naye pia," alisema, "yeye hata hakujali." Ijumaa iliyofuata alivuka tena, peke yake, kununua unga.