Skizofrenia si watu wawili katika mwili mmoja

Mtu akiwa mpole leo na mkali kesho, utasikia watu wakisema ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, kana kwamba ana nafsi mbili. Sivyo. Kosa limeanzia kwenye jina lenyewe. Mwaka 1908 daktari Mswisi, Eugen Bleuler, aliliunda kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasua na akili. Alikusudia kwamba mawazo na hisia za mgonjwa huachana, kila kimoja kikashika njia yake. Hakumaanisha nafsi mbili. (Jina baya, kusema kweli.)

Mgonjwa ni yuleyule mmoja. Ila huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akaamini bila kutikisika kwamba anafuatiliwa, au maneno yake yakapoteza mtiririko. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, unataka dalili zidumu angalau miezi 6 kabla ya kuuita ugonjwa huo kwa jina.

Nafsi zaidi ya moja ni tatizo jingine, na tiba yake hasa ni ya mazungumzo. Skizofrenia hutibiwa kwanza kwa dawa, ambazo zilianza kutumika miaka ya 1950, zikisaidiwa na ushauri nasaha pamoja na familia iliyoelezwa vizuri kinachoendelea.